Barua ya wazi kwa waandalizi wa mashindano yetu ya baiskeli za milimani: msifunge njia kabla ya mtu wa mwisho kupita

Kwa Mwenyekiti na Wanakamati wote,
Kamati Andalizi ya Mashindano,
Nakuru.

KUH: WAENDESHAJI WA NYUMA WALIOACHWA MSITUNI

Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana wanakamati,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njoro na huu ni mwaka wangu wa saba kuendesha baiskeli milimani. Nilishiriki mashindano yenu ya Aprili kwa nambari 147, katika kundi la wawili wawili, pamoja na mwenzangu kutoka Kisumu ambaye ni fundi wa baiskeli. Baada ya yaliyotupata niliwaandikia barua pepe mbili. Ya kwanza mliijibu kwa mistari mitatu, ya pili hamkuijibu. Nikafika ofisini mwenyewe, nikaambiwa mwenyekiti yuko safarini, niache nambari ya simu nitapigiwa. Hadi leo sijapigiwa. Ndiyo maana nimeamua kusema mbele ya watu.

Kwanza niseme lililo haki yenu. Mmetuletea nyumbani mashindano ambayo zamani tulikuwa tukiyasikia tu. Njia mliyoichora, kilomita 118 kutoka Njoro kupitia Elburgon na Molo hadi misitu ya Londiani na kurudi Molo, ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kupita. Ile asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya viazi, watoto wamejipanga kando ya barabara wakitupigia makofi, nilijiambia kuwa nitashiriki kila mwaka hadi magoti yakatae. Sijaandika ili mashindano haya yafe. Nimeandika kwa sababu nataka kurudi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kituo cha nne kilifungwa kabla ya saa yake.

Kwa mujibu wa kijitabu chenu, kituo cha tatu, kilomita ya 74, kilikuwa kifungwe saa 8:00 mchana. Sisi tulifika saa 7:28. Kijana mmoja wa kujitolea alitujazia chupa, akatumenyea ndizi kwa mikono yake kwa sababu yetu ilikuwa imejaa matope, akatuambia tuko sawa, tusikimbie. Namshukuru popote alipo.

Kituo cha nne, kilomita ya 93, kilikuwa kifungwe saa 10:00 jioni. Tulifika saa 9:41. Hapakuwa na meza, maji wala mtu. Palikuwa na alama za tairi za gari lililogeuza kwenye nyasi, maganda ya machungwa na jerikeni moja tupu iliyolala ubavu. Niliipiga picha, na saa imo ndani ya picha. Niliwatumia pamoja na barua ya kwanza.

Wakati huo chupa zetu zilikuwa tupu tangu mlima wa nyuma. Katika kupanda huku, juu ya mita 2,400, mtu hapotezi maji peke yake, anapoteza na chumvi. Ndiyo maana kituo hicho kilitangazwa kuwa na maji, chumvi na chai ya moto. Tulikuwa tumepanga safari yetu yote kwa kukitegemea. Mshiriki akijua hakuna kituo atabeba chupa ya ziada. Akiambiwa kipo, hatabeba. Afadhali msingekitangaza kabisa.

2. Vitambaa vya njia viling'olewa mbele yetu, na hakuna aliyehesabu.

Hili ndilo kubwa, nawaomba mlisome polepole.

Kutoka kituo cha nne njia inaingia katika shamba la miti ya saiprasi. Miti imepandwa kwa mistari, na kila mstari unafanana na mwenzake. Asubuhi kulikuwa na vitambaa vyekundu kila njia panda. Hapo hatukuona hata kimoja. Kwenye mti mmoja nilikuta uzi uliokatwa kwa kisu, bado umefungwa, na chini yake alama za tairi za pikipiki. Mtu wenu alikuwa amepita mbele yetu akikusanya vitambaa huku sisi bado tuko njiani, ndani ya muda.

Tulichagua njia ya kushoto. Ilikuwa mbaya. Tuliporudi mvua ikaanza, na baada ya mvua ikaja mvua ya mawe, ile ambayo kila mchuma chai wa Kericho anaijua. Anayeujua udongo wa Mau anajua kilichofuata: unajaza nafasi kati ya tairi na foku, ile panda inayoshika gurudumu, gurudumu linakataa kuzunguka, unauondoa kwa kijiti, unapiga hatua kumi, umejaa tena. Tukabeba baiskeli begani.

Mwenzangu ni mtu wa ziwani. Kisumu iko chini sana, baridi ya huku hakuizoea. Alianza kutetemeka hadi meno yakagongana. Nikamwambia tusisimame, tutembee. Baada ya muda akaacha kutetemeka, na mimi kwa kutojua nikafurahi, nikadhani amepata joto. Kumbe ndipo hatari ilipoanza. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba mwili ukishindwa kabisa kujipasha joto huacha hata kutetemeka. Alianza kuongea kama mlevi. Aliniambia anasikia joto, anataka kuvua jaketi. Aliposhika kifungo cha helmeti chini ya kidevu, vidole vikawa vinakizunguka bila kukipata, kama vidole vya mtoto mchanga. Huyu ni fundi, Bwana Mwenyekiti. Vidole hivyo hunyoosha spoki gizani.

Tuliokolewa na mama mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani na mkebe wa maziwa. Hakuuliza maswali mengi. Alitangulia, sisi tukafuata. Jikoni kwake alimvua mwenzangu nguo zote za juu zilizolowa, akamvika koti zito, akamfunga blanketi mbili, akamketisha karibu na moto lakini si karibu sana, na akamnywesha chai ya maziwa yenye sukari nyingi kidogo kidogo, kwa kijiko. Nilikaa pale nikimtazama akifanya kazi ambayo nilikuwa nimewalipa ninyi mwifanye.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Kesho yake asubuhi simu yangu ilipokea ujumbe wenu wa kuwashukuru washiriki kwa mashindano yaliyokwisha salama bila tukio lolote. Niliusoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya, mwenzangu akiwa ndani. Mlituma ujumbe ule kwa nia njema, naamini. Lakini ndipo nilipoelewa kwamba hamkuwa mmetutafuta mkatukosa. Hamkujua kama tumepotea. Asubuhi mliandika nambari zetu tulipoondoka, jioni hakuna aliyekaa na karatasi ile kuuliza nani hajarudi.

Babu yangu alifanya kazi ya reli Elburgon. Reli hii ya zamani iliyofika Kisumu mwaka 1901 inapita humu humu mlimopitisha mashindano: Njoro, Elburgon, Molo, Londiani. Alikuwa akitusimulia kwamba treni ikipita stesheni, mtu wa zamu hatazami injini. Injini kila mtu anaiona. Anatazama taa nyekundu iliyo nyuma ya behewa la mwisho. Akiiona anajua treni imepita nzima. Asipoiona anajua kuna mabehewa yamekatika yakabaki nyuma, na njia haifunguliwi kwa treni nyingine hadi yapatikane. Wafaransa katika Tour de France wamechukua jina hilo hilo: mwendeshaji wa mwisho kabisa wanamwita taa nyekundu, nao humpigia makofi. Sisi siku ile tulikuwa hiyo taa, na stesheni ilikuwa imefungwa, watu wamekwenda kulala.

3. Simu ya dharura haikupatikana.

Nyuma ya kila nambari ya mshiriki mmechapisha simu ya dharura. Niliipiga mara 11, nyingine msituni ambako mtandao ni wa kubahatisha, lakini sita kati ya hizo nilizipiga nikiwa kwa yule mama ambako mtandao ulikuwa mzuri. Mara zote niliambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Kama simu ilikuwa imeisha chaji, semeni imeisha chaji. Kama mwenye simu alikuwa amekwenda kwenye sherehe ya zawadi, semeni pia. Nambari ya dharura ni lazima iwe mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo.

4. Barabara kuu iliachwa bila mtu.

Asubuhi tulipovuka barabara ya Nakuru kwenda Kericho kulikuwa na askari na vijana wawili wenye bendera. Magari yalisimamishwa, tukavuka kama wafalme. Jioni, njia ya kurudi ilikuwa ivuke barabara ile ile, nasi tulivushwa usiku, kwenye mvua, juu ya pikipiki ya mtoto wa yule mama, malori ya kwenda Kisumu na Uganda yakiteremka kwa kasi. Hapakuwa na mtu wala taa.

Sihitaji kuwaeleza mahali hapo ni mahali gani. Tarehe 30 Juni 2023, hapo kwenye makutano ya Londiani, lori moja lilipoteza mwelekeo likavamia magari na wafanyabiashara kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wengi wetu tuna mtu tunayemjua aliyempoteza mtu siku ile. Kuchora njia ya mashindano ivuke hapo mara mbili, kisha kuweka ulinzi mara moja, ni jambo ambalo sijapata namna ya kulielewa.

5. Matokeo. Mbele ya majina yetu mmeandika "hawakumaliza". Ni kweli, hatukumaliza, na sidai medali. Naomba tu pawe na maelezo kwamba njia iliondolewa tukiwa ndani ya muda. Tulipofika Molo saa 2:20 usiku lile tao la hewa la mstari wa kumalizia lilikuwa limelala kwenye nyasi limelowa, na kijana aliyekuwa akikunja bango alituuliza, "Kwani nyinyi mlikuwa kwa mashindano?"

Najua mtakayosema, kwa sababu mengine mmekwisha kuyasema katika ile mistari mitatu.

Mlisema nilitia saini fomu ya kukubali hatari. Nilitia, na nilijua ninachotia. Mchezo huu unaua. Hatujamsahau mwendesha baiskeli Suleiman Kangangi, mtoto wa huku kwetu, aliyeshika nafasi ya tatu Tour du Rwanda mwaka 2017, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Kila ninapoanza kuteremka mlima namkumbuka. Kwa hiyo nilikubali kuanguka. Nilikubali kuvunjika mfupa, kunyeshewa, kushindwa. Hizo ni hatari za mlima. Kituo kuondolewa dakika 19 kabla ya saa yake si hatari ya mlima, ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo yumo katika kamati au anaripoti kwenu.

Mlisema pia kwamba mashindano ya masafa marefu si ya kila mtu na kwamba washiriki wajipime. Maneno haya yaliniumiza. Tulijipima kwa kipimo chenu. Saa za kufunga vituo mliziweka ninyi, nasi tulizitimiza zote, kimoja baada ya kingine. Halafu nawaomba mfikirie ni nani mnamwambia hivyo. Mwenzangu ni mtoto wa mtu aliyebeba abiria kwa baiskeli Busia, pale mpakani ilikozaliwa bodaboda yenyewe kabla pikipiki hazijaja. Baiskeli aliyoshindania aliiunda mwenyewe kwa vipande vya baiskeli nne. Ni nzito kuliko za walioshinda, naye alilipa kiingilio kile kile, shilingi 4,500, alizoweka akiba kwa miezi mitatu. Waendeshaji wa aina yake ndio wengi nyuma ya msafara. Bila wao mngekuwa na watu kumi na watano na mpiga picha.

Labda mtasema vijana wa kujitolea walichoka na mvua ilikuwa inakuja. Sina neno baya juu ya vijana wale. Lakini wao hawakujiamulia kufungasha, waliagizwa. Na mvua ya Aprili katika Mau si jambo la kushtukiza, ni masika. Aliyepanga tarehe aliipanga na mvua yake.

Labda mtasema hamna fedha. Hapa mniruhusu nizungumze kama mwalimu. Nikiwapeleka watoto ziara ya Ziwa Nakuru, nawahesabu wakipanda basi, nawahesabu langoni, nawahesabu wakila, nawahesabu kabla dereva hajawasha gari kurudi. Nikikosa mmoja basi haliondoki, hata kama mvua inanyesha, hata kama dereva ananung'unika na wazazi wanapiga simu. Kazi hii inataka daftari moja na kalamu moja. Mbele ya msafara mlikuwa na gari la wageni, pikipiki ya mpiga picha na ambulensi. Mngechukua moja tu ya hizo mkaiweka nyuma, nisingekuwa ninaandika.

Sasa ninachoomba.

Naomba kila mwaka kuwe na mtu anayetembea nyuma ya mshiriki wa mwisho, kwa baiskeli au pikipiki, mwenye redio au simu, na asiwepo mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuondoa kitambaa, meza au askari kabla huyo hajapita. Asiye ndani ya muda asimamishwe kituoni na kupandishwa gari. Hilo nalikubali, hata nikiwa mimi.

Naomba nambari ziandikwe katika kila kituo na zilinganishwe jioni hiyo hiyo, na kamati isiondoke Molo hadi kila nambari iwe imejulikana iko wapi: imemaliza, imeacha au imepandishwa gari. Naomba blanketi na chai ya moto viwe katika vituo vya juu, si soda baridi peke yake. Naomba askari katika kila kuvuka barabara kuu, kwenda na kurudi. Naomba simu mbili za dharura, na zijaribiwe mbele yetu wakati wa maelezo ya usiku wa kuamkia mashindano.

Kanuni ya wawili wawili muiache kama ilivyo. Najua inatoka Afrika Kusini, katika Cape Epic, mashindano ya siku nane yaliyoanza mwaka 2004, ambako wenzi hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Watu wengine wamekuwa wakisema iondolewe kwa kuwa inawachelewesha wenye kasi. Siku ile ningekuwa peke yangu ningefika Molo, na yeye angekuwa peke yake kwenye saiprasi, amevua jaketi.

Na naomba jambo moja lisilohusu kanuni. Nendeni kwa yule mama. Nitawaonyesha njia. Alipoteza maziwa ya jioni ile, kwa sababu gari la kukusanya lilipita akiwa anatuhudumia, na hakutaka kuchukua hata shilingi. Mwenzangu alirudi kwake wiki tatu baadaye na sukari na blanketi mpya. Kamati haijafika, kwa kuwa hadi leo haijauliza ni nani aliyetuokoa.

Tumezungumza waendeshaji tisa tulioshiriki mwaka huu kutoka Njoro, Nakuru, Kericho na Kisumu. Tumekubaliana kwamba hatutajiandikisha kwa mashindano yajayo hadi tupate majibu ya maandishi, na tunaomba majibu hayo ndani ya siku 21, kabla hamjafungua usajili. Tuko tayari kukutana nanyi Jumamosi yoyote. Mimi niko tayari pia kujitolea: nipeni daftari na nafasi ya kukaa kituo cha nne katika mashindano ya mwaka ujao, nitakaa hadi wa mwisho apite, na nitashuka naye.

Wenu kwa heshima,

Mshiriki nambari 147,
Njoro.